Thamani ya Risasi Iliyojazwa Upya

Liko swali moja ambalo watu wamejiuliza tangu kale juu ya kila chombo wanachokitumia: je, kitu kilichoharibika kitengenezwe kwa mikono, au kiachwe na kingine kinunuliwe? Huulizwa juu ya jembe, juu ya nguo na juu ya mtumbwi. Katika nchi nyingine wawindaji na walenga shabaha huliuliza juu ya risasi pia. Huokota maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, wakayatia fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya, kisha wakapiga hesabu ya fedha walizookoa na ya saa walizopoteza. Kwao jambo hilo ni la burudani na la mfuko. Lakini katika historia ya pwani yetu palikuwa na wakati ambapo swali hilo hilo liliulizwa na jeshi zima, na jibu lake lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Kwanza, msomaji, yafaa uelewe kwa nini swali lenyewe likazuka. Mwenye gobore, ile bunduki ya zamani ya kushindiliwa mdomoni, hakuwa na shida hiyo. Kila alipotaka kupiga alipima baruti yake mwenyewe, akaishindilia, akatia risasi, akaweka fataki. Kazi ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwa yake. Bunduki za kisasa zilipokuja, vitu hivyo vyote vilikusanywa kiwandani na kufungwa pamoja katika ganda moja la shaba. Askari akaweza kupiga mara nyingi kwa dakika moja. Faida hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuja na kifungo: tangu siku hiyo mwenye bunduki alikuwa mtumwa wa kiwanda kilicho mbali, na wa bahari iliyo kati yake na kiwanda hicho.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Kenya ilikuwa chini ya Waingereza na Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Wakaao Likoni walikuwa karibu na vita hivyo kuliko wengi wanavyokumbuka leo. Njia inayotoka Likoni kwenda kusini hufika Gazi baada ya kilomita zipatazo 50, na huko Gazi Wajerumani walishambulia mnamo Oktoba 1914. Ukiendelea na njia hiyo hufika mpakani, karibu na Vanga. Ng'ambo ya mpaka pana Jasin, mahali palipopiganiwa vikali tarehe 18 na 19 Januari 1915. Wajerumani walishinda Jasin. Hata hivyo jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, hakufurahi sana. Alipohesabu aliona kwamba askari wake walikuwa wametumia risasi 200,000. Kwa akiba aliyobakiwa nayo, aliandika baadaye, angeweza kupigana mapigano ya namna hiyo mara tatu tu, wala si zaidi. Ushindi wenyewe ulikuwa umemfilisi.

Angezipata wapi nyingine? Koloni lake halikuwa na kiwanda cha risasi, na manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari. Novemba 1914, Waingereza waliposhindwa Tanga, walikuwa wamemwachia risasi zipatazo laki tano, lakini bahati ya namna hiyo haiji kila mwezi. Basi kutoka Ujerumani ilitumwa meli iitwayo Rubens, iliyojigeuza kwa bendera na jina la Kidenmark. Ilizunguka Afrika yote, na tarehe 14 Aprili 1915 ikaingia katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari ya Kiingereza iitwayo Hyacinth ikiifukuza na kuipiga mizinga. Nahodha wake aliizamisha majini kando ya pwani, nayo ikawaka moto, hata Waingereza wakaenda zao wakidhani kwamba imekwisha kabisa. Walipoondoka, shehena ikaanza kuopolewa: bunduki, na risasi kwa mamilioni.

Lakini maji ya chumvi yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake. Baruti na fataki zilizidi kuharibika kila siku, na risasi nyingi zikakataa kulia. Hapo ndipo lile swali la jembe na nguo lilipomfikia jemadari. Je, zitupwe? Au zifunguliwe moja moja na kutengenezwa upya?

Zilifunguliwa. Risasi zilipelekwa Moshi, mwisho wa reli iliyotoka Tanga, na huko kila askari aliyeweza kupatikana aliwekwa kazini kutwa nzima, kwa muda wa miezi. Waling'oa risasi kutoka maganda yake, wakaisafisha baruti, na zile fataki zilizoharibika wakazibadili kwa nyingine, za namna tofauti, zilizopatikana humo humo kolonini. Kisha wakavifunga vyote pamoja tena. Baada ya hapo risasi zilijaribiwa. Zile ambazo katika kila 100 zilikataa kulia kama 20 hivi zilihesabiwa kuwa zafaa kwa vita. Zilizokataa zaidi ya hapo zilipewa askari waliojifunza shabaha. Na risasi chache zilizokuwa hazijaguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bombomu tu, kwa sababu bunduki ifyatuayo mfululizo hukwama mara moja ikikutana na risasi mbovu.

Sasa na tupige hesabu, kama mfanya biashara afanyavyo. Ukimpa askari risasi 100 za namna hiyo, umempa 80. Na tena hajui ni zipi zitakazomsaliti. Huenda ikawa ile ambayo uhai wake unaitegemea. Ongeza juu yake miezi ya kazi ya watu ambao wangeweza kulinda mpaka au kujifunza vita. Mtu akiangalia upande huo peke yake, atasema kwamba kazi ile ilikuwa hasara tupu. Lakini tuseme risasi zilizotengenezwa zilikuwa milioni moja. Ukitoa mbovu zote, zabaki 800,000, nazo zatosha mapigano manne makubwa kama yale ya Jasin. Kwa mtu aliyekuwa amebakiwa na matatu, hiyo si hasara. Wahenga walisema: Lisilo budi hutendwa.

Tazama sasa upande wa pili. Waingereza walikuwa na Kilindini. Meli zilitia nanga, masanduku ya risasi yalishushwa, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 iliyachukua kutoka kisiwani, ikavuka maji ya Makupa, ikapita Changamwe na kuendelea hadi Voi. Mwaka 1915 tawi la reli lilianza kujengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Afisa wa Kiingereza ambaye angewaweka askari wake Changamwe kufungua risasi zilizolowa na kuzifunga tena angehesabiwa kuwa mpumbavu, na kwa haki. Kazi ni ile ile, na ganda la shaba ni lile lile. Lakini kwa mmoja ni busara, na kwa mwingine ni ujinga. Kinachotofautisha ni bandari.

Wala ustadi wa mikono haukuishinda bandari. Machi 1916 jeshi la Jemadari Smuts, lililolishwa kwa njia hiyo ya Changamwe na Voi, liliingia Moshi kwenyewe. Mwezi huo huo meli nyingine ya Kijerumani, Marie, ilifika Sudi, kusini, ikaleta akiba mpya. Hiyo ikawa ya mwisho. Novemba 1917 Wajerumani walivuka mto Ruvuma, wakawapiga Wareno huko Ngomano, na tangu hapo wakaendelea kuishi kwa bunduki na risasi za kuteka. Walisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku kadhaa baada ya vita kwisha Ulaya. Kazi ya Moshi, basi, haikununua ushindi. Ilinunua muda.

Na muda huo ulilipwa na nani? Hapa, msomaji, ndipo hesabu ya jemadari ilipopungukiwa. Yeye alihesabu risasi, fataki na siku za kazi. Hakuna aliyeandika katika daftari hilo wapagazi wa pande zote mbili waliobeba masanduku vichwani kupita porini, wala wanavijiji waliochukuliwa chakula chao. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, katika vita ambavyo havikuwa vyao. Jina la Kariakoo, lililobaki Dar es Salaam na Nairobi, ni kumbukumbu ya kikosi cha wachukuzi hao. Kila mwezi uliopatikana kwa ganda lililojazwa upya ulikuwa mwezi mwingine wa mizigo yao.

Kwa hiyo ukiulizwa kama inafaa kukijaza upya kilichokwisha kutumika, usikimbilie kujibu ndiyo wala siyo. Uliza kwanza: anayekijaza ana njia nyingine ya kukipata? Kisha uliza: ni kiasi gani kati ya vilivyojazwa kitamfaa wakati wa haja? Na mwisho uliza swali ambalo wenye amri husahau: gharama yenyewe, atakayeilipa ni nani? Ukiyajibu maswali hayo matatu kwa uaminifu, utakuwa umeisoma historia kama inavyostahili kusomwa.