Nani Apendekezwe? Tuzo za Sayansi ya Ubongo Zikitazamwa kutoka Ufipa

Tuzo kubwa za sayansi ya ubongo hazimfikii mtu asiyependekezwa. Kamati ya Nobel ya tiba haipokei jina lililoletwa na mwenyewe. Huwaalika wapendekezaji, na washindi wa mwaka hawazidi 3. Tuzo ya Kavli, iliyotolewa mara ya kwanza Norway mwaka 2008, na Tuzo ya Ubongo ya Denmark, iliyoanza 2011, nazo hutegemea wapendekezaji. Hivyo kabla jopo halijaketi, wapo watu waliokwisha kuamua kazi ipi ionekane. Afrika Mashariki huachwa nje katika hatua hiyo, na sisi wanazuoni wake tunahusika.

Tutazame Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Katika vijiji vinavyoizunguka Sumbawanga watu hufuga nguruwe, na nguruwe wanaoachwa wajitafutie chakula hukutana na kinyesi pasipo na vyoo. Tegu hupata njia hapo. Anayekula kitimoto kisichoiva hupata mnyoo tumboni. Lakini vifuko vinavyokaa ubongoni na kuleta kifafa hutokana na mayai yaliyotoka kwa binadamu mwenye mnyoo, yakamezwa kwa maji, mboga au mikono michafu. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maishani mwake anaweza kuanguka kifafa. Kuuelewa ugonjwa huu kunamhitaji daktari wa mifugo, tabibu wa zahanati, bwana afya na picha ya ubongo kwa pamoja. Profesa Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ametafiti tegu wa nguruwe kwa miaka mingi, ikiwemo kupima wilayani Mbulu kama elimu ya afya hupunguza maambukizi. Ni mpendekezaji gani wa tuzo ya ubongo atakayemtafuta mtaalamu wa mifugo Morogoro?

Mahenge, nako Tanzania, inaonyesha gharama ya kutoonekana. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha huko kliniki ya kifafa, na katika miaka ya 1960 aliwaona watoto wanaotikisa kichwa kwa namna ya pekee. Dunia ilishtuka miongo kadhaa baadaye, maradhi ya aina hiyo yalipowakumba watoto wa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda.

Wapo watakaosema tuzo hizi ni za kueleza jinsi ubongo unavyofanya kazi, si za afya ya vijijini. Hoja hiyo ina uzito, lakini kuru inaipunguza nguvu. Ulikuwa ugonjwa wa vijiji vya Wafore, Papua New Guinea. Carleton Gajdusek alipata Nobel mwaka 1976 kwa kuutafiti, na njia hiyo ikaelekea kwenye prioni, yaani protini zinazoambukiza, zilizompa Stanley Prusiner Nobel ya 1997. Vincent Zigas, daktari aliyekuwa akiwatibu watu wa huko na kuandika pamoja na Gajdusek mwaka 1957, hakuwa miongoni mwa washindi.

Vyuo vyetu huhesabu machapisho mtu anapopandishwa cheo. Barua ya pendekezo iliyoandikwa kwa ushahidi nayo ihesabiwe. Ieleze swali lilizaliwa wapi, nani aliliuliza kwanza na nani alikusanya ushahidi kijijini, kisha ndipo itaje majarida. Kwa tegu na kifafa, ningependa barua hiyo itiwe saini na watu wawili: profesa wa mifugo na daktari wa mfumo wa fahamu.