Ari ya ubunifu katika muziki wa dansi wa Morogoro

Ari ya ubunifu katika muziki wa dansi wa Morogoro ni ule msukumo uliowafanya wanamuziki wa mji huo, hasa kati ya mwaka 1948 na 1979, watunge nyimbo, wabuni mitindo na kukabiliana hadharani ilhali kipato kilikuwa kidogo na mara nyingi vyombo walivyopiga havikuwa mali yao. Bendi zinazobeba historia hiyo ni tatu: Morogoro Jazz, Cuban Marimba na Super Volcano. Wanaotajwa zaidi ni Salum Abdallah, Juma Kilaza na Mbaraka Mwinshehe. Maelezo mengi juu yao huitafuta ari hiyo katika kipaji cha mtu mmoja mmoja, kana kwamba Mbaraka angekuwa Mbaraka popote pale ambapo angezaliwa. Makala haya yanashikilia kwamba ari ya Morogoro ilikuwa mali ya kikundi kabla ya kuwa mali ya mtu. Iliwashwa na ushindani wa wazi kati ya bendi zilizosikilizana, mbele ya hadhira iliyojua kupambanua, na ndani ya ushindani huo wanamuziki walijadiliana juu ya maana ya kazi yao.

Mji na chimbuko la bendi

Morogoro, ambayo Watanzania huiita kwa utani mji kasoro bahari, iko chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam. Vilele vya milima hiyo vinapita mita 2,600, na mito inayoteremka kutoka huko hunywesha mji wenyewe na vijiji vya Waluguru vilivyo kwenye miteremko. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji yalivuta vibarua kutoka pembe nyingi za nchi, nao walikuja na ngoma zao. Mji wa namna hiyo haukuweza kuridhika na ngoma ya kabila moja. Watu walihitaji burudani ambayo Mluguru, Mzaramo, Mngoni na Mnyamwezi wangeicheza pamoja bila mmoja kujiona mgeni, na dansi, iliyoimbwa kwa Kiswahili na kupigwa kwa magitaa, saksafoni na tumba, ilikidhi haja hiyo.

Katika Tanganyika bendi za dansi zilianza kama vyama vya hiari. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mfano wake ukafuata njia za reli na barabara hadi bara. Wanachama walichanga fedha, vyombo vikanunuliwa kwa jina la chama, na wapigaji wakabaki na ajira zao za mchana. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944 kwa utaratibu wa aina hiyo. Miaka minne baadaye, mwaka 1948, Salum Abdallah aliunda kundi la La Paloma, ambalo baadaye lilijulikana kama Cuban Marimba. Tangu hapo mji mmoja wa mkoani ukawa na bendi mbili zenye nguvu zinazogombea hadhira ileile. Hali hiyo, kuliko kipaji cha mtu yeyote, ndiyo inayoeleza kwa nini Morogoro ilitoa muziki uliosikika Afrika Mashariki nzima, wakati baadhi ya miji mikubwa kuliko huo haikufanya hivyo.

Mashindano kama mazungumzo

Ushindani wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba ulikuwa na mizizi ya zamani. Katika ngoma za mwambao, na hasa katika beni iliyoenea kuanzia mwanzo wa karne ya 20, mji uligawanyika katika pande mbili, Marini na Arinoti zikiwa maarufu kuliko zote, na kila upande ulijitahidi kuupiku mwenzake kwa mavazi, tungo na mpangilio. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba mashindano hayo yalikuwa njia ya jamii kupanga upya heshima na uongozi wake wakati wa ukoloni. Dansi iliurithi utaratibu huo. Shabiki alikuwa wa bendi fulani, alijua nyimbo za upinzani ili aweze kuzibeza, na aliporudi kutoka ukumbini alikuwa na hukumu ya kutoa mtaani siku iliyofuata.

Katika mazingira hayo mwanamuziki hakuhitaji kutoa hotuba juu ya mapenzi yake kwa sanaa. Hoja yake ilikuwa wimbo mpya, na jibu la hoja hiyo lilikuwa wimbo wa wapinzani wiki chache baadaye. Ushahidi mzuri zaidi ni mitindo. Kila bendi ya dansi ya Tanzania ilitakiwa kuwa na mtindo wenye jina lake: NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata. Morogoro Jazz walitamba na Sululu, na Mbaraka Mwinshehe akahusishwa na Likembe, kisha na Masika alipokuwa na Super Volcano. Jina la mtindo lilikuwa tamko la hadharani kwamba bendi hii imepata kitu ambacho nyingine haina: namna ya kuingiza gitaa la rithimu, mwendo wa besi, mahali pa kuachia saksafoni, hatua za wachezaji. Tamko hilo liliweza kukataliwa. Mtindo usiopendwa ulikufa katika msimu mmoja, na bendi ililazimika kurudi mazoezini.

Mazungumzo hayo yalipita pia kwa watu waliohama. Mpigaji aliyetoka bendi moja kwenda nyingine alibeba masikio ya kule alikotoka, na viongozi wa bendi waliogopa kunyang'anywa mpiga solo kuliko walivyoogopa ukumbi mtupu. Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, karibu na wakati ambapo Cuban Marimba ilimpoteza mwanzilishi wake, kwani Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Cuban Marimba haikuvunjika. Juma Kilaza alishika uongozi na kuipa sauti yake mwenyewe. Kama ari ingekuwa imekaa moyoni mwa Salum peke yake, ingezikwa naye. Iliendelea kwa sababu wapinzani walikuwa bado wako upande wa pili wa mji, na mashabiki walikuwa bado wanadai jibu.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba muziki huu ulikuwa wa kuiga, hivyo ni vigumu kuuita ubunifu. Ni kweli kwamba majina yenyewe, La Paloma na Cuban Marimba, yanaelekeza Cuba. Santuri za mfululizo wa GV, zilizotolewa na kampuni ya Uingereza ya HMV kuanzia mwaka 1933, zilileta rumba na son katika miji ya Afrika, na masimulizi ya maisha ya Salum Abdallah yanasema kwamba alipokuwa kijana alitoroka nyumbani akitaka kwenda Cuba, safari iliyoishia Mombasa. Lakini anayeiga hutaka kufanana na mfano wake, ilhali bendi mbili zinazoshindana katika mji mmoja hutaka kutofautiana. Kwa kuwa wote wawili walikuwa na santuri zilezile, kunakili hakukumpa yeyote ushindi. Ilibidi kila mmoja aitumie rumba kama udongo wa kufinyangia chombo chake. Maneno yakawa ya Kiswahili chenye mafumbo na mawaidha, mada zikawa za ndoa, deni, uhuru na wivu wa mjini, na magitaa yakachukua kazi ambazo katika Cuba zilifanywa na vyombo vingine. Wimbo kama "Wanawake Tanzania" wa Salum Abdallah usingeweza kutungwa Havana.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi: kwamba kinachoitwa ari kilikuwa kutafuta riziki, na kwamba Mbaraka alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano alifuata maslahi yake. Pingamizi hili lina uzito, na mtetezi wa sanaa asilipuuze. Wanamuziki walikuwa na familia. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam kwa malipo madogo, na aliyetaka santuri alitegemea kampuni za Kenya. Nyimbo za Mbaraka zilitoka kwa nembo ya Polydor, na "Shida" ilipendwa sana Kenya. Alikuwa katika ziara ya nchi hiyo alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Hata hivyo riziki inaeleza kwa nini mtu apige muziki Jumamosi. Haielezi kwa nini abadili mtindo ambao bado unajaza ukumbi. Mfanyabiashara angeshikilia Sululu mpaka ichuje. Mbaraka alitoka Likembe akaenda Masika, akarefusha sehemu ya solo na kuipa nafasi ya kuzungumza baada ya maneno kwisha, kwa sababu katika Morogoro mwanamuziki aliyesimama mahali pamoja alihesabiwa kuwa ameshindwa. Fedha na ari hazikuwa maadui. Ushindani ndio uliozilazimisha ziende njia moja.

Pingamizi la tatu linaelekeza kwenye dola. Baada ya uhuru, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962, vyombo vya umma vikaanzisha bendi, redio ikawa moja tu, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaongeza matarajio kwamba msanii ahubiri siasa ya taifa. Je, mwanamuziki aliyeimba sera alikuwa na uhuru wa kutosha kudai ubunifu? Morogoro Jazz waliimba siasa, na wimbo wao kuhusu Dk. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971, ni ushahidi wa wazi. Waliwakilisha pia Tanzania katika maonyesho ya Expo 70 huko Osaka, Japani. Lakini katika dansi, wimbo wa siasa ulilazimika kupita kwenye mtihani uleule wa ukumbi. Dola iliweza kuagiza maneno. Haikuweza kuagiza watu wanyanyuke vitini. Zaidi ya hayo, bendi za Morogoro hazikuwa za jeshi wala za chama cha wafanyakazi, na hilo liliziacha zitegemee mashabiki kuliko mwajiri.

Ulinganisho na panki

Swali hilohilo, nini humfanya mwanamuziki aendelee wakati soko halimjali, limejadiliwa kwa ukali na wapigaji wa panki, muziki uliochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, na wa tawi lake la haraka zaidi, hadikoo. Huko Washington, Ian MacKaye na Jeff Nelson wa bendi ya Minor Threat walianzisha kampuni yao ya Dischord mwaka 1980 ili watoe santuri bila kuombaomba kwa makampuni makubwa. Kanuni yao, kwamba kikundi chenyewe kipange maonyesho, kirekodi na kisambaze kazi yake, ingeeleweka haraka kwa wanachama wa Morogoro Jazz waliochangia ununuzi wa vyombo. Tofauti iko kwenye kipimo. Panki ilishuku ufundi mwingi, ikaamini kwamba anayejua kodi (chords) tatu za gitaa tayari ana la kusema. Morogoro ilidai ufundi kwanza, kwa sababu wapinzani walikuwa wanasikiliza. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba ari huzaliwa pale sheria zinapotupwa. Huzaliwa pia pale sheria zinapojulikana na wote, na kila mmoja akajaribu kuzivuka mbele ya macho ya mwenzake.

Afrika Mashariki ya leo ina mifano ya pande zote mbili. Duma, wawili kutoka Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wanatoka katika ukoo wa muziki mkali wa aina ya hadikoo. Singeli ya Dar es Salaam, yenye mwendo wa kasi kupita kiasi na studio za uani, ilikua kwenye vigodoro, yaani sherehe za mitaani, ambako umati hutoa hukumu papo hapo. Morogoro yenyewe iliendeleza desturi yake kwa njia ya hip hop. Afande Sele alitwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004 katika shindano la hadharani, na baada yake mji ukamtoa Stamina. Vyombo vimebadilika na magitaa yamepungua, ila bado msanii wa mji huu hupata jina kwa kupambanishwa na wengine.

Tathmini

Kukumbuka muziki wa Morogoro kwa picha ya shujaa mmoja mwenye gitaa ni kuwapa heshima wasanii na kuwasahau waliowafanya wawe hivyo: wanachama waliochanga, wapigaji wa besi wasiotajwa, na mashabiki wa pande mbili walioweza kutofautisha solo nzuri na solo iliyorudiwa. Kazi ya Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe imebaki katika kanda za redio ya taifa na katika mikusanyo ya diski kama "Ngoma Iko Huku" na "Masimango", na inastahili kuhifadhiwa na kufundishwa shuleni. Lakini kanda pekee hazitazaa wengine. Anayetaka Morogoro itoe tena muziki wa kiwango kile aanze kwa kusaidia ukumbi wa kudumu, vyombo vinavyomilikiwa na vikundi, na bendi zisizopungua mbili.