KMRU si kelele ya friji

Kila nikiweka albamu ya KMRU kwa spika hapa Kitale, lazima mtu aulize kama redio imeharibika. Hakuna ngoma, hakuna maneno, dakika kumi zinapita na sauti inavuma tu kama upepo kwa mabati. Halafu anamalizia: "Huo ni muziki wa wazungu."

Sawa, jina ambienti lilitoka Uingereza. Brian Eno alilipa nguvu mwaka wa 1978 na albamu Music for Airports, muziki wa kukaa chumbani kama mwanga, usikilize ama uendelee na kazi zako. Hapo sibishi.

Lakini aliyetoa Peel mwaka wa 2020 ni kijana wa Nairobi. Jina lake ni Joseph Kamaru, na hilo jina ni la babu yake, yule mwimbaji wa Kikuyu ambaye wazazi wetu wanamjua. Babu aliimba siasa waziwazi. JM Kariuki alipouawa mwaka wa 1975, aliimba juu yake. Alifariki 2018, na mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo zake mtandaoni.

Sasa kuna wanaosema mjukuu amekimbia maneno kwa sababu hana la kusema. Mimi nakataa kabisa. Sikiliza Temporary Stored ya 2022. Alichukua rekodi za zamani kutoka makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yaliyotokana na maonyesho ya Mfalme Leopold II ya 1897, yule wa Kongo. Ni sauti za Waafrika, zimewekwa mbali na wenyewe. Kwenye albamu zinakuja zimezama chini ya mvumo. Unazishika kidogo, zinapotea. Hakuhitaji kuimba neno "wizi".

Na sisi huku magharibi tusijifanye wageni wa muziki wa kurudiarudia. Mzee wa Kibukusu akipiga litungu kule Bungoma, nyuzi saba, pigo moja linarudi na kurudi mpaka unaacha kungoja libadilike. Hapo ndipo sikio linaanza kusikia vitu vidogo: kidole kikisugua uzi, mbao ikiitikia. Sisemi litungu ni ambienti. Litungu lina mwimbaji, lina hadithi, watu wanacheza. Nasema sikio la uvumilivu tulikuwa nalo kabla ya matatu kutuharibu na besi.

Kinachonisumbua ni hifadhi. Hugh Tracey alirekodi Wakipsigis pale Kapkatet mwaka wa 1950, na rekodi zikaenda kukaa Afrika Kusini. Miaka zaidi ya sitini ilipita kabla ya watu wa huko kurudishiwa nakala.

Kwa hivyo kama una babu anayepiga litungu Chwele ama Kimilili, mrekodi wiki hii, kwa simu tu. Muulize kwanza, umwachie nakala. Na tafadhali, usiongeze biti.