Kutoka dari la fito hadi shelfu za waya: dumuzi alivyobadili ghala zetu

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa kijijini, wengi mnaniuliza kama shelfu za waya zinafaa kuhifadhia chakula. Kabla hujatoa hela yako, tukumbushane tulikotoka.

Wazee wetu walipanga mahindi yenye maganda kwenye dari la fito, juu ya jiko. Moshi uliyakausha na kupunguza fukusi. Wengine walijenga vihenge juu ya nguzo. Nia ilikuwa moja: chakula kisiguse ardhi, hewa ipite.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 adui mpya alionekana kwa jirani zetu wa Tabora. Ni dumuzi, asili yake Amerika ya Kati. Wakulima wengine walimwita Skania, kama lile lori. Dumuzi hushambulia mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, hula makopa ya mhogo, na hutoboa hata mbao. Fito zilizobeba chakula zikawa nyumba yake. Ulikula mahindi yakaisha, yeye akabaki humo akisubiri mavuno mapya.

Ndiyo maana miaka ya 1980 ushauri ulibadilika. Wakulima walielekezwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga yenye viuatilifu viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi. Magunia nayo yanawekwa juu ya chaga, mbali na ukuta.

Sasa rudi kwenye swali lako. Shelfu ya waya inafuata nia ya wazee, maana hewa inapita juu na chini, na dumuzi hawezi kujificha ndani ya chuma. Dukani inafaa kwa pakiti za mbegu, maharage na unga. Lakini dumuzi anaruka. Gunia lisilo na dawa litashambuliwa hata likiwa juu ya chuma. Na gunia la kilo 100 usilipandishe kwenye shelfu nyepesi. Hilo mahali pake ni kwenye chaga imara.

Kabla ya kuvuna, kagua chaga na fito zako. Ukiona matundu madogo na unga unaodondoka, toa mti huo uuchome. Kisha fagia ghala, kausha mahindi vizuri, na dawa ifuate maelezo ya kwenye pakiti. Ukifanya hivyo, shelfu itakusaidia. Usipofanya, umenunua chuma tu, na mwezi wa kwanza utanunua mahindi sokoni.