Haidrojeni katika matita ya mirija ya kaboni: Kwa nini mtungi mwepesi haujafika jikoni

MTUNGI wa gesi ya kupikia hubebeka kwa pikipiki hadi Bugene, wilayani Karagwe, kwa sababu gesi iliyomo hukubali kuwa kimiminika ikibanwa kidogo tu. Haidrojeni haikubali. Katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, sharti ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri ndipo igeuke kimiminika.

Kilo moja ya haidrojeni hutoa nishati inayokaribia mara tatu ya kilo moja ya petroli, na ikiungua huacha mvuke wa maji badala ya gesi ya ukaa. Lakini kilo hiyo, isipobanwa, hujaza mita za ujazo 11 hivi. Kwa nchi iliyojiwekea lengo la kuwa asilimia 80 ya wananchi wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, swali la chombo cha kuihifadhia si la wanasayansi peke yao.

Tumaini mojawapo lilitoka kwenye kaboni, ndugu wa mkaa. Mkaa una vitundu vingi mno, na molekuli za gesi hunata juu ya kuta zake bila kuungana nazo kikemia. Karagwe penyewe sifa za mkaa zimewahi kufanyiwa kazi shambani: mradi wa MAVUNO pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin ulichanganya mkaa wa mabaki na mboji, na matokeo ya jaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa tindikali ya udongo ilipungua.

Mirija ya kaboni ni kitundu kilichonyooshwa. Ilielezwa na Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991, na ile yenye ukuta mmoja mwaka 1993. Upana wake ni kama nanomita moja hivi, nayo hujikusanya sambamba mithili ya tita la kuni. Gesi yaweza kukaa ndani ya mrija, juu ya tita, au katika upenyo mwembamba baina ya mirija mitatu inayogusana.

Mwaka 1997 kundi la Michael Heben, jimboni Colorado, Marekani, lilikadiria kuwa mirija safi ingeweza kubeba haidrojeni ya asilimia 5 hadi 10 ya uzito. Habari hiyo ilishangiliwa. Hata hivyo, sampuli yao ilikuwa masizi yenye mirija michache sana, na vipimo vingi vilivyofuata katika joto la kawaida vilipata chini ya asilimia moja.

Sehemu ya maelezo imo katika fizikia ya kwanta. Molekuli ya haidrojeni ni nyepesi kuliko zote, na chembe nyepesi haitulii mahali pamoja. Wakokotoaji humchora mgeni huyo kama pete ya shanga badala ya gololi: kadiri baridi inavyozidi, pete hutanuka. Katika nyuzi 253 chini ya sifuri mtawanyiko wake hukaribia upana wa molekuli yenyewe, yaani nanomita 0.3 hivi.

Mgeni wa namna hiyo akisukumwa kwenye upenyo, kubanwa kwenyewe humpandishia nishati, na mvuto wa kaboni hupungua nguvu. Hesabu za Qinyu Wang na Karl Johnson wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, zilizotoka mwaka 1999, zilionyesha kuwa katika penyo hizo athari ya kwanta huonekana hata kwenye joto la chumba. Anayepiga hesabu kwa fizikia ya zamani hujipa gesi ambayo mtungi hautaibeba.

Kinachoiponza hifadhi kina faida mahali pengine. Dutiriamu, haidrojeni yenye uzito maradufu, hutawanyika kidogo, hivyo hupenya pale nyepesi inapokataliwa. Mwaka huo huo wa 1999, Wang na Johnson pamoja na Challa na Sholl walionyesha kwa hesabu kuwa penyo za matita zaweza kutenganisha haidrojeni nyepesi na nzito kwenye baridi kali. Dutiriamu hutumika kutengeneza maji mazito ya mitambo ya nyuklia, na kuitenganisha kwa njia zilizozoeleka hugharimu nishati nyingi.

Magari ya haidrojeni yaliyoingia sokoni, kwa upande wake, hutumia mitungi ya mgandamizo wa baa 700, isiyo na mirija hiyo ndani.