Miti Kati ya Mahindi: Historia Fupi ya Mashamba ya Kibumba

Katika siku hizi za Yubile tunakumbuka mambo mengi. Tusiisahau miti inayosimama kati ya mahindi yetu. Nayo ina historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya machozi.

Kibumba iko kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, chini ya mlima Mikeno, karibu na mpaka wa Rwanda. Udongo wetu umetoka katika volkano. Una rutuba, lakini umelala juu ya mawe, na maji ya mvua huzama upesi. Zamani shamba lililochoka liliachwa lipumzike, nayo miti ikaota yenyewe. Mwaka wa 1925 ikaundwa Parki Albert, ambayo leo ni Parki ya Virunga, na mwaka wa 1929 ikapanuliwa. Tangu hapo watu wakaongezeka, lakini ardhi haikuongezeka. Mashamba yakagawanywa kwa watoto na kwa wajukuu, hata nafasi ya kupumzisha udongo ikakosekana.

Ndipo ukafika mwezi wa saba wa mwaka 1994. Wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliwekwa Kibumba, mahali pasipo mto. Katika kambi za Goma kipindupindu kikaua watu kwa maelfu. Waliobaki hai walipaswa kupika, nao wakaingia parkini kila siku kutafuta kuni. Kambi ilipokwisha mwaka wa 1996, sehemu kubwa za msitu zilikuwa zimekatwa. Tusiwahukumu: mama mwenye mtoto anayelia njaa haulizi mpaka wa parki uko wapi. Na mji wa Goma hata leo hupika kwa makala, ambayo mengi hutoka katika msitu ule ule.

Fundisho ni hili: kuni zisipopatikana shambani, zitatoka parkini. Tangu mwaka wa 2007 mpango wa EcoMakala wa shirika la WWF ulisaidia wakulima wa kandokando ya Virunga kupanda miti ya makala. Lakini mwenye shamba dogo atapanda miti wapi, watoto wasikose ugali? Jibu ni kuiweka pamoja na nafaka, kila mti mahali pake.

Grevilea, mti uliotoka Australia, hupandwa kwa mstari mpakani mwa shamba. Mizizi yake hushuka chini sana. Matawi hukatwa kabla ya kupanda mbegu, ili jua liyafikie mahindi. Kisha hutegemeza maharagi na kuwasha moto jikoni. Majani huoza yakawa mbolea, na shina hutoa mbao. Avoka ina kivuli kizito. Afadhali ikae karibu na nyumba. Mkaratusi hukua upesi, lakini hunywa maji mengi. Utengwe na mahindi.

Mwaka wa 2013, na tena mwaka wa 2022, vita vilifika Kibumba, na watu wakakimbia. Anayerudi aweza kuvuna mahindi katika majira moja, lakini mti uliokatwa hudai miaka mingi. Kwa hiyo, ndugu, kila jamaa ipande tena mpakani mwa shamba lake, mvua za mwezi wa tisa zikianza. Watakaovuna mbao huenda wakawa wajukuu wetu. Nasi pia tulikula matunda ya miti ambayo hatukuipanda.