Boma Bungoma, Kazi Kampala: Mkaazi ni wa Wapi?

Tumchukue Mkenya anayefundisha chuoni Kampala. Amepanga nyumba Ntinda, watoto wake wanasoma huko huko, na boma lake liko Bungoma, anakokwenda Krismasi na wakati wa misiba. Kwa sheria za kodi zilivyo, yeye ni mkaazi wa nchi zote mbili.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda ya 1997 humhesabu mtu kuwa mkaazi akiwa na makazi ya kudumu nchini, au akikaa siku 183 katika miezi 12 yoyote inayoanza au kuishia ndani ya mwaka wa mapato, au akifikisha wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka katika miaka mitatu mfululizo. Sheria ya Kenya ya 1973 inazitaja 183 na 122 hizo hizo, wala si ajabu: kabla yake kodi ya mapato ya nchi hizi ilisimamiwa na idara moja ya Afrika Mashariki. Lakini mwenye makazi ya kudumu Kenya hahitaji kuhesabiwa siku nyingi. Kuwapo kwa muda wowote kunatosha. Krismasi moja Bungoma imeshamfunga.

Hata hesabu ya siku hailingani. Mtu akifanya kazi Kampala tangu 1 Oktoba hadi 30 Aprili, siku zake ni 212, naye ni mkaazi wa Uganda. Mganda akikaa Nairobi miezi hiyo hiyo, mwaka wa kodi wa Kenya, unaoanza Januari, unamkatia muda wake vipande viwili: siku 92, kisha 120. Kwa kigezo cha siku 183, si mkaazi.

Kwangu, kosa kubwa liko kwenye boma. Kwetu mtu hujenga kwa wazazi hata kama hatalala hapo wiki mbili kwa mwaka. Hujenga kwa heshima, na kwa sababu ndiko atakakozikwa. Kuligeuza boma hilo kuwa ushahidi wa mahali anapoishi ni kuchanganya asili na makazi. Wapo watakaosema kigezo cha makazi ya kudumu kikilegezwa, wenye mali watajificha nyuma ya mpaka. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni kuuliza familia, kazi na matumizi ya kila siku viko wapi. Hayo ni magumu kuyaficha kuliko idadi ya siku.

Na kigezo cha namna hiyo tayari kimeandikwa. Novemba 2010, miezi michache baada ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanza kutumika, nchi tano za Jumuiya zilitia saini mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Mwenye makazi ya kudumu pande mbili huhesabiwa mkaazi wa nchi ambako mahusiano yake ya maisha na ya uchumi yana nguvu zaidi. Mwalimu wetu angekuwa mkaazi wa Uganda, basi. Mkataba huo haujaanza kutumika, kwa kuwa si nchi zote zilizouridhia. Mabunge ambayo bado hayajauridhia yaupeleke kwenye ajenda.